Paa la pande nne kwa matofali ya LEGO: ngazi, mteremko au bawaba?

Nyumba ya babu iko Nguba, hapa Bukavu, mgongo umeelekea barabara na uso unatazama Ziwa Kivu. Paa lake lina pande nne, na ubavuni umetoka mkono unaoifanya nyumba nzima iwe kama herufi L ukiitazama kutoka juu. Familia imekubaliana kwamba kiangazi hiki paa litavuliwa, shapanti, yaani mbao zinazobeba paa, ibadilishwe, manjanja (mabati) mapya yawekwe, na umbo la zamani halitarudi. Mama akaniomba jambo moja: "Mbele waitoe, unijengee ile nyumba na matofali yako, niiweke ku saloni."

Nimeijenga mara nne. Kuta zilisimama kwa jioni mbili na sikuzigusa tena. Kilichonirudisha mezani kila mara ni paa. Kipimo kilikuwa kimoja, 1 kwa 100, na kuta zilezile, ila kila mara nilibadilisha namna ya kuezeka. Kwa hiyo ninachokulinganishia hapa nimekiona kwa macho juu ya nyumba moja, na ukiwa na ndoo ya LEGO na nyumba unayoipenda, kinaweza kukuokolea jioni kadhaa.

Kabla ya kuchagua njia yoyote, pima mteremko wa paa lenyewe. Mimi sikupima mwanzoni, na ndiyo maana nilijenga mara nne badala ya mbili. Bukavu inasaidia sana katika hili, kwa sababu ni mji wa vilima: ukipanda barabara ya juu unakuta macho yako yako usawa na mgongo wa paa la nyumba ya chini. Nilisimama hapo, nikaelekea upande mfupi wa nyumba moja kwa moja, nikapiga picha kwa simu. Kisha kwenye picha unapima vitu viwili tu kwa rula: nusu ya upana wa paa, na kimo kutoka juu ya ukuta hadi mgongo. Gawanya kimo kwa nusu ya upana. Kwangu ilitoka 0.4. Nyumba ina upana wa mita 8, nusu yake 4, na paa linapanda mita 1.6. Kwa digrii ni kama 22 hivi. Paa la bati huwa limelala namna hiyo, maana bati ni refu na maji hayapati viungio vingi vya kupenyea. Paa la vigae vya udongo ndilo linalohitaji kusimama zaidi.

Sasa weka namba hiyo kando ya namba za LEGO. Kutoka katikati ya nundu moja, kile kichwa cha mviringo juu ya tofali, hadi katikati ya nyingine ni milimita 8. Kibamba, yaani kile kipande chembamba bapa chenye nundu, kina kimo cha milimita 3.2. Tofali la kawaida lina milimita 9.6, yaani vibamba vitatu. Ukipanda kibamba kimoja kila unapoingia ndani nundu moja, umegawanya 3.2 kwa 8, na jibu ni 0.4 barabara. Nyumba ya babu ilikuwa imeandikwa ndani ya matofali tangu mwanzo, na mimi nilikuwa natafuta kwingine.

Kwingine kwenyewe kulikuwa matofali ya mteremko. Kila mtu huanza nayo, maana yametengenezwa kwa ajili ya paa, na yale mekundu ya digrii 45 ndiyo yanayojaa katika ndoo nyingi za mchanganyiko. Nyumba yangu ina upana wa nundu 10, kwa hiyo tabaka zilikwenda 10, 8, 6, 4, 2, na juu kabisa tofali la mgongo lenye mteremko pande mbili. Ni kazi ya kupendeza kuifanya, kila kitu kinakaza. Lakini hesabu tabaka: ni tano, kila moja milimita 9.6, jumla 48. Kwa kipimo cha 1 kwa 100 hilo ni paa la mita 4.8 juu ya nyumba ambayo paa lake halifiki mita 2. Mama aliingia, akasimama, akauliza kwa upole: "Iyi kanisa ni ya wapi?"

Kuna jambo la kulijua hapa ambalo boksi haliandiki. Tofali linaloitwa la digrii 45 lina ukingo mdogo uliosimama wima chini ya mteremko wake. Ukiyapanga tabaka juu ya tabaka, kila moja inaingia milimita 8 na kupanda 9.6, kwa hiyo paa zima linasimama kwa digrii 50, na si 45. Ukipima nyumba yako ukapata 45 halafu ukategemea jina la tofali, paa litakuzidi kimo bila wewe kujua kosa liko wapi.

Yale ya digrii 33 yako karibu zaidi na nyumba zetu. Tabaka moja inaingia nundu mbili na kupanda tofali moja, 9.6 kwa 16, ambayo ni digrii 31. Paa langu lingefika kama milimita 24 badala ya 16: limezidi, lakini si kanisa tena. Shida yake ni upana. Tofali hili lina kina cha nundu tatu, na kila tabaka hula nundu nne, mbili kila upande, halafu juu zibaki mbili za kuweka mgongo. Kwa hiyo nyumba ya nundu 6, 10 au 14 inakubali, ya 8 au 12 inakataa. Nyumba kubwa ya babu ni 10, ikakubali. Mkono wake ni 8, na pale juu pakabaki uwazi wa nundu nne usiofunikika kwa heshima. Ungeupanua mkono hadi 10 au kuupunguza hadi 6, na hapo umebadilisha nyumba ili kuliridhisha paa.

Lakini haki yake tuipe: kwenye kona, matofali ya mteremko hayana mpinzani. Ya digrii 45 na ya 33 yote yana tofali la pembe ya nje, pale pande mbili za paa zinapokutana na kutoa mgongo unaoshuka hadi kona ya nyumba, na tofali la pembe ya ndani, pale mkono unapoungana na nyumba na kuacha bonde la maji. Unaliweka, limekwisha. Hakuna ufa wala hesabu. Tatizo ni kuyapata. Katika ndoo nilizopekua, kwa kila matofali mengi ya mteremko ulionyooka nilikuta la pembe ya nje moja moja, na ya pembe ya ndani nimekuwa nayo mawili tu. Yahesabu kabla hujaanza. Paa la umbo la L linahitaji pembe ya ndani kwa kila tabaka, kila upande wa mkono unaogusa paa kubwa.

Yapo pia ya digrii 18, marefu, yanayoingia nundu tatu kwa kupanda tofali moja. Gawanya 9.6 kwa 24: ni 0.4 tena. Kwa paa la pande mbili tu, lenye kuta za pembetatu mwishoni, na nusu ya upana inayogawanyika kwa tatu, ningeyachagua bila kufikiri mara mbili. La pembe la aina hiyo sijawahi kulishika mkononi, kwa hiyo kwenye paa la pande nne nimeyaacha.

Njia ya pili niliyojaribu ni ngazi za vibamba, na ndiyo ningempa mtu anayeanza. Tabaka la kwanza nundu 10 kwa 18, la pili 8 kwa 16, kisha 6 kwa 14, 4 kwa 12, 2 kwa 10. Tano tu, milimita 16, kimo kamili. Pembe za nje zinajitokeza zenyewe kwa sababu kila tabaka limepungua nundu moja kila upande. Mkono wa upana wa 8 ulipata tabaka nne, kwa hiyo mgongo wake ukawa chini ya mgongo mkubwa kwa kibamba kimoja. Nilikwenda kutazama nyumba yenyewe tena, na kweli, mgongo wa mkono uko chini kidogo, kitu ambacho sikuwahi kukiona miaka yote niliyocheza uani pale. Bonde la maji nalo linajichora bila kipande chochote maalumu.

Huhitaji kujaza tabaka zima. Fanya fremu yenye upana wa nundu mbili, moja ionekane na moja ibebe tabaka linalofuata. Nundu zinazoonekana zifunike kwa vigae laini, vile vipande bapa visivyo na nundu juu. Hilo haliharibu mteremko, paa zima hupanda kibamba kimoja tu.

Kasoro yake ni macho. Kwa karibu unaona ngazi, na ngazi si bati. Jua la saa kumi likiingia dirishani kila ngazi inatupa kivuli chake, na paa linageuka kuwa shamba la matuta. Ukiisogeza nyumba iwe 1 kwa 200, ngazi zinabaki mbili au tatu na jicho linazikubali. Hapo hakuna njia nyingine ya kushindana nayo. Ni kwa 1 kwa 100 ndipo nilipoanza kutamani paa laini.

Basi bawaba. Hapa unajenga kila upande wa paa kama ubao mmoja bapa, kisha unauinamisha. Watu husema ni njia ya mafundi, ya mapaa makali yasiyo na hesabu nzuri. Nimeona kinyume chake, na hili ndilo ningependa ulichukue hata ukisahau mengine yote: kwenye paa la pande nne, bawaba hupenda paa lililolala.

Nilichukua karatasi ya milimita, ile ya shule, nikachora pembetatu kwa ukubwa halisi: milimita 40 kwa mlalo, 16 kwa kimo. Mstari wa mteremko ukatoka milimita 43. Sasa fikiria pembe ya nje. Ukitazama kutoka juu, mstari wake unakwenda digrii 45, na kwa bahati LEGO wana vibamba vilivyokatwa kona kwa digrii 45, vya 3 kwa 3, 4 kwa 4, 6 kwa 6 na 8 kwa 8. Ila ubao wako haulali, umeinama. Ukipanda milimita 43 juu ya ubao, paa la kweli linaingia ndani 40 tu. Kibamba kilichokatwa kinaingia 43. Tofauti ni milimita 3 kila upande. Ufa unaanza bila kitu ukingoni mwa paa na kufunguka kidogo kidogo hadi mgongoni. Milimita 3 ni unene wa fimbo ya LEGO. Unalaza fimbo juu ya pembe, na ufa umepotea. Tena inafanana na kofia ya bati ambayo fundi hupigilia pale pale.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa paa la digrii 45. Mlalo 40, kimo 40, mteremko milimita 56 na nusu. Ufa mgongoni unakuwa zaidi ya milimita 16 kila upande, nundu mbili nzima. Hakuna fimbo ya kuufunika. Kwa hiyo paa kali lenye pembe liachie matofali ya mteremko, na paa lililolala lipe bawaba au ngazi. Isipokuwa ukifika digrii 60, kama mapaa ya baadhi ya minara ya makanisa: pale mteremko ni mara mbili kamili ya mlalo, na kipo kibamba cha 2 kwa 2 kinachopungua nundu moja kwa kila nundu mbili ambacho kinakaa kwenye pembe hiyo bila ufa.

Kuhusu bawaba zenyewe, kuna zenye meno na zisizo na meno. Zenye meno hukaza kila baada ya digrii 22.5. Paa letu linataka 21.8. Kwa ubao wa milimita 43, tofauti hiyo ni nusu milimita mwishoni, hakuna atakayeiona, na paa halitaanguka mtu akifunga mlango kwa nguvu. Kibanio na fimbo vinakupa pembe yoyote, lakini vinategemea msuguano, na ubao mrefu huanza kuinama baada ya wiki. Ukitumia vibanio, jenga nguzo fupi ndani ya nyumba chini ya mgongo, ubao uegemee juu yake bila kushikamana nayo.

Ubao niliutengeneza wa nundu sita, milimita 48. Mteremko ulihitaji 43, na tano zilizobaki zikatoka nje ya ukuta zikawa upenu, nusu mita kwa kipimo changu. Juu yake nilipanga vile vigae vya nundu mbili vyenye mistari kama wavu wa gari, mistari yote ikishuka kuelekea ukingoni. Hapo ndipo ubao ulipogeuka bati. Rangi nilichanganya: kijivu kwa wingi, na kahawia nyekundu upande wa magharibi na karibu na mgongo, ambako manjanja ya babu yameshika kutu zaidi.

Bonde la maji ndilo lililonisumbua usiku mbili. Kwenye pembe ya nje vibamba vilivyokatwa vinaacha ufa. Kwenye bonde, kwa sababu ileile, vinagongana. Ubao wa mkono ulikuwa unausukuma ubao mkubwa juu, na mgongo unafunguka. Niliona hilo kwanza kwenye Studio, programu ya bure ya BrickLink inayokuonyesha vipande vikiingiliana, nikafikiri ni kosa la kuchora. Umeme ulipoenda nikajaribu kwa mkono, ikawa vilevile. Suluhisho nililipata kwa kumkumbuka fundi. Mafundi wetu hawaunganishi bati mbili za mikunjo bondeni. Hulaza kwanza bati bapa kama mfereji chini, halafu bati za pande zote mbili zinakatwa fupi, zikiishia juu ya mfereji bila kugusana. Nikafanya hivyo hivyo: nikazirudisha mbao zote mbili nyuma nundu moja, na chini nikalaza safu ya vigae laini vya kijivu kizito. Mgongano ukaisha, na bonde likawa bonde.

Njia ya nne sitaikawilia. Ni kuvilaza vibamba ubavu, nundu zikitazama pembeni, kwa kutumia matofali yenye nundu ubavuni. Hapo kila hatua inaingia milimita 3.2 na kupanda 8, ambayo ni digrii 68. Kwa mnara wa kanisa ni nzuri sana. Kwa nyumba ya babu niliiweka upande mmoja, nikatazama, nikaitoa. Kumbuka tu kwamba nundu mbili ni sawasawa na vibamba vitano, milimita 16, na sehemu uliyoilaza itaungana na iliyosimama kila baada ya kipimo hicho.

Kuna tofali dogo la nundu moja, lenye mteremko na kimo cha vibamba viwili, ambalo wengi hulipenda kwa mapaa madogo. Ukilipanga kwa ngazi linatoa digrii karibu 39. Kwa paa la vigae linaleta sura nzuri kwa kuwa kila kipande kinaonekana peke yake. Kwa bati, hapana.

Usitegemee sana maboksi ya LEGO Architecture kukufundisha haya. Mfululizo huo ulianza 2008, ukiwa na kazi za msanifu Adam Reed Tucker wa Chicago, na majengo yake ya kwanza yalikuwa maghorofa, Sears Tower na John Hancock Center, yenye juu bapa. Ni kazi nzuri za kujifunza kuta na uwiano. Nyumba yenye mkono na bonde ni somo jingine.

Ukiniuliza uanze wapi: nyumba iliyo chini ya digrii 25, kwa 1 kwa 200 au ndogo zaidi, au ukijenga na mtoto, chukua ngazi za vibamba. Nyumba hiyohiyo kwa 1 kwa 100, nawe una subira ya jioni tatu, chukua bawaba na mfereji wa bondeni. Paa la digrii 30 hivi, upana wa 6, 10 au 14, chukua matofali ya 33. Paa la 50, yale mekundu ya 45, mradi una ya pembe za kutosha. Na kama nyumba yako ina mchanganyiko, kwa mfano mnara mkali juu ya paa lililolala, hakuna sheria inayokukataza kutumia njia mbili. Mahali pa kuwa makini ni pale zinapokutana, panahitaji kigae bapa kinachopita chini ya zote.

Nilimpelekea Mama ile ya bawaba Jumapili baada ya misa. Aliizungusha mezani, hakusema kitu kuhusu kuta wala madirisha. Akaweka kidole bondeni, pale mkono unapoungana na nyumba, juu ya vile vigae vya kijivu. "Ni apa," akasema. "Apa ndio ilikuwa inavuja. Tulikuwa tunaweka beseni chini yake, kila masika."